Sayansi ya Mwisho wa Mwaka Nairobi: Mambo ya Kufanya na Gredi ya 7 na ya 8 Mitihani Ikishaisha

Karatasi za mtihani wa muhula wa tatu zikishakusanywa, vitabu vya shule hurudi stoo, walimu hukaa ofisini kusahihisha, na wanafunzi wa sekondari msingi hubaki na siku kadhaa zisizo na kazi hadi shule ifungwe. Shule nyingi huwawekea filamu au huwaachilia uwanjani. Mwalimu mwenzangu, naomba uzidai siku hizo kwa ajili ya Sayansi Jumuishi. Ndizo siku pekee katika mwaka ambazo mtoto anaweza kukisia vibaya mbele ya wenzake bila kupoteza alama hata moja, na bila woga huo hata wale wa viti vya nyuma hufungua midomo.

Ninachosisitiza ni hiki: chagua maswali ambayo jibu lake halimo kitabuni, ila limo Nairobi. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi, na saa ya ukutani inasema adhuhuri ni saa sita. Mji wetu unakanusha yote mawili, na watoto wanaweza kuuthibitisha ukweli huo kwa mikono yao wenyewe.

Maandalizi

Shule nyingi za sekondari msingi zimo ndani ya ua mmoja na shule za msingi. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, wanafunzi wa Gredi ya 6 na ya 9 huwa kwenye mitihani ya kitaifa ya KPSEA na KJSEA hatua chache tu kutoka ulipo. Mwone mwalimu mkuu mapema, ujue ratiba na vyumba vinavyotumika. Kazi za kimya, kama kivuli na rangi, zifanywe siku za mitihani. Mbio za magari ziache hadi ua uwe huru.

Gawa darasa katika makundi ya watu 6. Ukiwa na wanafunzi 60, hayo ni makundi 10, na vifaa vya makundi 10 vinapatikana kwa kuwaomba watoto walete chupa za soda, vifuniko, makopo na magazeti kuanzia wiki moja kabla. Kila kundi liwe na mwandishi mmoja na mtunza saa mmoja.

Sharti liwe moja tu: hakuna anayegusa kifaa kabla kundi lake halijaandika kisio ubaoni. Likishaandikwa halifutwi. Kisio lililoandikwa humfanya mtoto asubiri jibu kwa hamu, maana sasa lina jina la kundi lake.

Adhuhuri ya Nairobi ni saa ngapi?

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halina gharama. Waulize jua huwa juu kabisa saa ngapi. Karibu wote watajibu saa sita kamili. Waandike hivyo ubaoni, kisha mtoke nje.

Mnahitaji kijiti kilichonyooka (mpini wa ufagio unafaa), kopo la rangi la lita 1 lililojazwa kokoto na udongo uliolowa, uzi uliofungwa kijiwe, chaki, rula na simu yenye saa sahihi. Tafuta sakafu tambarare ya saruji isiyofikiwa na kivuli cha jengo.

1. Simamisha kijiti ndani ya kopo, ncha yake iwe mita 1 kutoka sakafuni. Ning'iniza uzi wenye kijiwe kando yake na ukitazame kutoka pande mbili. Kikiinama hata kidogo, jibu litaharibika.

2. Saa tano na nusu asubuhi, wekeni alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli na muandike saa. Kisha chora duara linalokizunguka kijiti na kupita kwenye alama hiyo.

3. Kila baada ya dakika 5 wekeni alama nyingine. Kivuli kitafupika na kuingia ndani ya duara, kisha kitarefuka tena. Makundi yapokezane zamu ili kila mmoja aone.

4. Ncha ikiligusa duara mara ya pili, muda mfupi baada ya saa saba, andikeni saa kamili. Adhuhuri ya kweli iko katikati ya nyakati hizo mbili.

5. Chora mstari kutoka chini ya kijiti hadi katikati ya alama mbili za kwenye duara. Huo ni mstari wa kaskazini na kusini, na ni sahihi kuliko dira ya simu.

Mwanzoni mwa Novemba, jibu la Nairobi ni kama saa sita na dakika 16. Sababu ni mbili. Saa ya Kenya imepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Nairobi iko karibu na digrii 36.8, na dunia huzunguka digrii 1 kila dakika 4, kwa hivyo jua hutufikia dakika 33 hivi baadaye. Lakini kwa vile mhimili wa dunia umeinama na njia yake kulizunguka jua si duara kamili, mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16. Toa 16 kwenye 33, unapata 17; hiyo dakika moja ya ziada inatokana na kukadiria namba. Katikati ya Februari hesabu hugeuka: jua huchelewa, na adhuhuri ya papa hapa huwa kama saa sita na dakika 47. Iacheni chati ukutani ili mrudie Februari.

Usiache jambo la pili lipite hivi hivi. Wakati huo kivuli cha kijiti cha mita 1 huwa na sentimita 23 hivi, nacho huelekea kaskazini. Waulize kwa nini hakikupotea kabisa, na sisi tuko karibu na ikweta. Jua liko kusini mwetu mwezi huo. Hutupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba tu. Waambie wakiangalie kivuli hicho nyumbani mwezi wa Juni, watakuta kimegeukia kusini.

Kama kuna mwanafunzi mwenye jamaa Mombasa au Kisumu, apige simu usiku wa kuamkia siku hiyo aombe kivuli kipimwe kule pia. Mombasa itapata adhuhuri yake kama dakika 11 kabla yetu, Kisumu dakika 8 hivi baada yetu. Mtoto anayesikia shangazi yake wa Likoni akisoma saa sita na dakika 5 anaelewa kwamba dunia inazunguka, na hatalisahau.

Maji yanachemka kwa nyuzi ngapi hapa kwetu?

Kazi hii inahusu moto, kwa hivyo ifanye wewe mwenyewe mbele ya darasa, au kundi moja baada ya jingine ukiwa karibu. Jiko dogo la gesi linatosha. Tumia kipimajoto cha maabara chenye spiriti nyekundu, kinachofika nyuzi 110. Kile cha kupimia homa huishia nyuzi 42 na kitapasuka. Vya zebaki viache kabatini, maana kikivunjika, zebaki ni sumu.

Anza kwa kukichunguza kipimajoto chenyewe. Chukua barafu iliyopondwa, mimina maji baridi kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto na ungoje dakika 3. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1, basi kila kipimo cha siku hiyo utakitolea 1. Watoto hushangaa kujua kwamba hata kifaa hupimwa kabla ya kuaminiwa.

Kisha bandika sufuria ya maji safi motoni. Kipimajoto kining'inie kwa uzi, kisiguse chini wala kando ya sufuria. Mwandishi asome kila nusu dakika. Spiriti inapanda, inapanda, halafu inakwama, ingawa moto unawaka vile vile na maji yanatokota. Hapo ndipo uwaambie watazame kwa makini. Itakwama karibu na nyuzi 94.

Makundi yaliyoandika 100 yatadai kipimajoto ni kibovu. Warudishe kwenye barafu. Kilisema kweli kule, kwa nini kidanganye hapa? Kisha waeleze: Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi kuliko ya Pwani, na mvuke hutoroka mapema. Kadirio zuri la kutumia darasani ni nyuzi 1 kwa kila mita 300. Wapige hesabu kinyume: kama maji yamechemka kwa 94.4, tumepungukiwa nyuzi 5.6, mara 300, tunapata mita 1,680. Wamepima urefu wa mji kwa sufuria! Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, Limuru imepita mita 2,000, na kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya kiko mita 4,985. Wakadirie maji yatachemka kwa nyuzi ngapi kila mahali. Lenana ni kama 83.

Mwishowe waulize kwa nini maharagwe ya githeri hukaa motoni hapa muda mrefu kuliko Mombasa, na sufuria ya presha inasaidia vipi. Jibu wanalo tayari.

Kabeji ya zambarau na magadi

Kabeji ya zambarau hupatikana sokoni, na robo ya kabeji moja inatosha darasa zima. Ikatekate, ichemshe dakika 10, chuja, acha ipoe. Maji hayo ni kiashirio cha asidi na besi: asidi huyageuza waridi au mekundu, besi huyapeleka kwenye samawati na kijani, na besi kali huyafanya ya manjano.

Kila kundi lipewe vikombe 6 vyeupe au vitako vya chupa angavu vilivyokatwa. Vijiko 2 vya maji ya kabeji kila kikombe, kisha matone ya vitu vya nyumbani: ndimu, siki, mala, maji ya mfereji, maji ya sabuni ya unga, maji ya jivu yaliyochujwa. Ongeza cha saba, magadi. Wengi wameyaona kwenye githeri au kwenye mboga ngumu, lakini hawajawahi kuuliza yanatoka wapi. Yanatoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako maji ya chumvichumvi hukauka juani na kuacha tabaka gumu jeupe la kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Malighafi hiyo hiyo hutumika kutengenezea vioo.

Yayusheni magadi kwenye maji kidogo na muongeze kwa matone. Rangi itaruka kutoka zambarau hadi kijani mbele ya macho yao. Sasa wape shindano: kundi gani litairudisha rangi ya zambarau ya mwanzo kwa kutumia maji ya ndimu pekee? Watadondosha tone moja moja, povu litapanda kwa sababu ya kaboni dioksidi, kijani kitakuwa samawati, halafu tone moja la ziada litaupeleka mchanganyiko wote kwenye waridi, na kundi zima litapiga kelele. Waanze upya. Hesabu ya matone iandikwe. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kukomesha besi kwa asidi. Nimeona ufafanuzi wa ubaoni ukishindwa kufanya kazi ambayo kikombe hiki hufanya kwa dakika 15.

Oktoba na Novemba jakaranda huwa zimechanua mjini, na maua yake hutapakaa kila njia. Wachemshe konzi moja, waone kama maji yake nayo yanabadilika kwa ndimu na kwa magadi. Usiwaambie jibu.

Onyo ambalo halina mjadala: dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isiingie darasani siku hiyo. Ikichanganyika na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu. Na kilichoingia kwenye kikombe cha majaribio hakionjwi, hata kama ni mala.

Mvulana wa Turkana alikuwa na urefu gani?

Mwaka wa 1984, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu miongoni mwa changarawe. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Mfupa wake wa paja una urefu wa karibu sentimita 43. Wape wanafunzi namba hiyo moja tu na swali moja: alikuwa na kimo gani?

Kila mmoja apime paja lake mwenyewe, kutoka kwenye mfupa unaochomoza pembeni mwa nyonga hadi upande wa nje wa goti, kisha apimwe kimo akiwa ameegemea ukuta bila viatu. Umri huu mtoto huona haya juu ya mwili wake, kwa hivyo wasichana wapimane na wasichana, wavulana na wavulana, uzito usitajwe, na vipimo viandikwe bila majina. Asiyetaka kupimwa awe mpiga hesabu.

Gawanya paja kwa kimo. Mwenye paja la sentimita 38 na kimo cha 150 atapata 0.253. Tafuteni wastani wa darasa, kisha gawanya 43 kwa wastani huo. Wakipata 0.253, jibu ni 170. Wanasayansi waliochunguza mifupa hiyo walikadiria karibu sentimita 160. Hapo mazungumzo huwa matamu: kwa nini sisi tumezidisha? Kichwa cha mfupa wa paja kimejificha ndani ya kiungo cha nyonga, kwa hivyo paja tulilopima kwa nje ni fupi kuliko mfupa wenyewe. Waache wafike hapo wenyewe. Halafu uwape habari ya mwisho, kwamba meno yake yanaonyesha alikufa akiwa na miaka 8 au 9 hivi. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko mtoto yeyote wa Gredi ya 7, na mrefu kuliko wengi wao.

Shule ikiweza kulipia basi, mifupa hiyo iko kwenye Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, pale Museum Hill. Nendeni baada ya hesabu, si kabla. Mtoto aliyehangaika na namba 43 atasimama mbele ya kile kioo muda mrefu.

Mbio za magari ya baluni

Hii haihitaji maelezo mengi, watoto wa Nairobi walishatengeneza magari ya waya kabla hujawafundisha. Chupa ya nusu lita ni bodi, vifuniko 4 ni magurudumu, vijiti vya mishikaki ni ekseli zinazozunguka ndani ya mirija, na baluni iliyofungwa kwenye mrija mwingine ni injini. Hewa inasukumwa nyuma, gari linaenda mbele. Tatizo karibu kila mara ni tundu la kifuniko kutokuwa katikati. Pimeni mita 5, kila gari likimbie mara 3, wastani wa mwendo uandikwe, kisha kila kundi lipewe nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu na kukimbia tena. Wakibadilisha viwili, hawatajua kipi kilisaidia.

Mvua ikinyesha

Novemba mvua za vuli zitakukatizia ratiba, basi zitumie. Kata chupa ya lita 2 mahali inapoanza kupinda, geuza sehemu ya juu iwe kama faneli na uirudishe ndani. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hivyo weka kokoto na maji hadi yafike sehemu iliyonyooka, na hapo ndipo 0. Bandika ukanda wa karatasi wenye milimita, uufunike kwa selotepu. Iweke mahali pa wazi, mbali na ukuta kwa mara mbili ya urefu wa ukuta huo, na isome kila siku saa tatu asubuhi.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Wape makundi kamba na futi wapime urefu na upana wa darasa kwa chini. Wasihangaike na mteremko wa bati, kinachohesabika ni eneo la ardhi ambalo paa limelifunika. Darasa la mita 8 kwa 7 ni mita mraba 56. Mvua ya milimita 10 hulimwagia lita 560, ambazo ni mitungi 28 ya lita 20. Wazidishe kwa idadi ya madarasa, kisha waulize bei ya mtungi mmoja mtaani kwao siku ambazo mfereji umekauka. Kila mtoto anaijua.

Si maji yote yatakayovunwa. Mengine hurukia pembeni, na ya kwanza yamwagwe kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Wakate sehemu ya tano ya jumla, hesabu bado itakuwa kubwa. Baada ya hapo wapime urefu wa ukingo wa paa, wajue shule inahitaji mita ngapi za gata, na wachore mahali tangi litakaposimama. Kundi moja liupeleke mchoro na hesabu kwa mwalimu mkuu kabla shule haijafungwa, wakisindikizwa nawe, ili fundi awe ameshafunga gata masika yakianza Machi.